Viti Vimetolewa

Jioni moja ya Novemba 1996, Émérance alikwenda kupanga viti kanisani kwa ajili ya misa ya Wakongomani ya kesho yake. Wiki tatu nzima hakuwa amesikia neno la mumewe Éliézer, aliyebaki Bukavu vita ilipoingia. Afadhali kazi kuliko kukaa nyumbani anaikodolea simu macho.

Kanisa lenyewe lilikuwa kuukuu, la tangu hapo palipokuwa kijiji na Brussels iko mbali ng'ambo ya mashamba. Mnara wa mawe, vidirisha visivyopitisha kichwa cha mtu, na upande wa kaskazini mlango uliozibwa, ambao zamani ulipitisha maiti. Sakafuni kulikuwa na mawe ya makaburi. Jiwe moja lilichongwa umbo la mwanamke, na nyayo za waumini zilikuwa zimemfuta uso.

Alifungua kwa ufunguo aliokabidhiwa. Harufu ya udongo mbichi...

Viti vyote vilikuwa vimesukumwa ukutani.

Kwao nyumba ikifiwa viti hutolewa, wanawake wakakaa chini. Na kweli, mwanamke alikuwa chini, miguu ameinyoosha, kitambaa kimemfunika uso. Msiba wa nani tena, maskini? Mfiwa hapitwi hivihivi. Émérance akaketi kando yake, juu ya lile jiwe, akamshika mkono.

Ulikuwa mgumu. Baridi.

"Pole, maman. Ni nani alikufa?"

"Bado," mwanamke alinong'ona. "Tulikuwa tunakungoya uikale chini."

Kitambaa kikateleza.

Hakuwa na pua wala midomo. Uso laini, kama kipande cha sabuni kilichotumika.

Kengele ikalia saa kumi na mbili. Émérance alitoka mbio, akakumbana na Modeste, mtunza kanisa, akamweleza aliyoyaona.

"Ni mafundi walisukuma viti, walikuwa wanapima sakafu," Modeste alisema. "Lakini mwanamuke, non. Nilifunga tangu midi, saa sita."

Basi ni uchovu, alijiambia ndani ya basi la kurudi nyumbani Ixelles, akajaribu hata kujicheka. Akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu.

Viti vyake sita vilikuwa nje, kwenye korido.

Sidonie, mdogo wake anayeishi naye, alifungua mlango. Miguu mitupu. Nyuma yake wanawake walikuwa wamekaa chini.

Émérance hakuuliza ni nani. Aliuliza alikufa saa ngapi.

"Saa kumi na mbili ya huku. Walipiga simu toka Bukavu palepale." Sidonie alimshika bega. "Ikala chini kwanza, yaya, dada yangu."

Émérance alikataa kukaa.