Kidole Chini ya Kilatini

Mwalimu Obitre alikutwa asubuhi nyumbani kwake Onduparaka, kifua juu ya meza, kisogo kimepasuka. Pasi ya mkaa ilikuwa sakafuni, ina damu.

Inspekta Stella Kiden alivaa glovu. Mlango haukuvunjwa. Simu ipo. Kilichokosekana ni cheti cha ubatizo cha Ayikoru wa Midia, alichopewa mwalimu kutafsiri, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza.

Mzee Amandu, mume wa marehemu Ayikoru, alikuwa amesimama nje. Alitoka Koboko na gari la kwanza kuja kuchukua tafsiri hiyo. Alieleza kwamba ofisi ya ardhi ilimwambia hakumwoa Ayikoru, basi atoke kwenye shamba alilorithi mke kwa baba yake. Kaburi la mke liko humo. Ndoa yao padri aliiandika nyuma ya cheti kwa Kilatini, kama ilivyokuwa desturi ya mapadri. Kitabu cha parokia kiliungua vitani. Ofisi ikakataa Kilatini, ikataka Kiingereza. Miaka arobaini na tisa ya ndoa, halafu mtu wa tai anakwambia hujaoa.

"Nani alijua cheti iko hapa?"

"Ofisi, afande. Wao ndio walinituma kwa mwalimu."

Kiden alifungua daftari la marehemu. Obitre alikuwa na kawaida yake: ananakili Kilatini kwa mkono, anasoma tafsiri kwa sauti, kisha aliyesikiliza anaweka kidole gumba cha wino chini ya nakala. Chini ya nakala ya Ayikoru, tarehe ya jana, palikuwa na kidole kimoja. Amandu jana alikuwa Koboko.

Draku, ofisa wa ardhi aliyeshughulikia shamba la Amandu, aliletwa kituoni akinung'unika kwamba anacheleweshewa mkutano.

"Jana ulifika Onduparaka?"

"Mwaka mzima sijafika."

Alichukuliwa alama za vidole. Mtaalamu akalinganisha. Kiden akasukuma daftari mbele yake.

"Hii kidole ni yako. Mbona uliacha daftari?"

Draku alilitazama.

"Ilikuwa Kilatini tu. Nani hapa angeisoma?"

"Sista mmoja wa Koboko. Aliisoma, hata chai yake haikupoa."

Hapo akasema yote. Shamba liko kando ya lami, na bosi wake alishamwahidi tajiri mmoja wa petroli. Draku alijifanya amekuja kukagua tafsiri, akasikiliza, akaweka kidole. Kisha akamtaka Obitre aandike kwamba ndoa haimo. Obitre akamwambia atoke. Draku akashika pasi.

Cheti kilikutwa kwenye droo yake. Bosi alitaka kukiona kwa macho kabla hakijachomwa. Na bosi mwenyewe? Yuko semina. Jalada lake linashughulikiwa, wanasema. Aliyelala selo ni Draku peke yake.

Kiden alimsomea Amandu tafsiri ya Sista ya ule mstari wa ndoa, tarehe na majina mawili. Mzee akaomba wino, akaweka kidole chake kwenye daftari, kando ya kile cha Draku.

"Mimi sikuhitaji kusomewa, afande," alisema. "Siku hiyo nilikuwepo. Hao ndio hawakuwepo."