Kichaka cha Kwa Sijaona

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe 16 Oktoba 1995, saa kumi alasiri, Dorika alipofika njia panda akakata kushoto badala ya kulia.

Siku zote akitoka shule alikwenda moja kwa moja kutafuta maji, kisha akamchukua mdogo wake Dickson kwa jirani, akasonga ugali wa muhogo kabla baba hajarudi. Mama yao alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kazi zote za nyumba zilimwangukia yeye, msichana wa miaka kumi na miwili. Lakini siku hiyo Mwalimu Yeremia alikuwa amewapa kazi nyingine.

"Mikorosho yetu asili yake ni Brazili," mwalimu alisema darasani. "Kule kuna jiji linaitwa Fortaleza, maana yake ngome. Lilianza na ngome moja ufukweni, na vijumba vya watu waliojibanza kando yake. Leo ni jiji kubwa mno. Haya, na sisi hapa tunaitwa Kwa Sijaona. Huyo Sijaona alikuwa nani? Dorika, kamuulize Bibi Mwanakombo. Hakuna mwenyeji wa zamani kumshinda yeye."

Kwa Bibi Mwanakombo ni kulia, chini kabisa ya mteremko. Kushoto, siku hiyo, lilikuwa limefika lori la wanunuzi wa korosho, na redio yake ilisikika hadi shuleni. Tangu serikali iruhusu wafanyabiashara binafsi kununua korosho, Kwa Sijaona palikuwa pamefura kama unga wa maandazi. Watu walihamia kutoka Masasi, Newala, hata Lukuledi, na kila mmoja alitaka kibanda kando ya barabara. Dorika akaenda kushoto na rafiki yake Shamila, wakacheza hadi redio ilipozimwa.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele, alikaa akaandika harakaharaka.

"We Dorika, si hukwenda?" Shamila alimuuliza.

"Nani atajua? Bibi mwenyewe hasomi."

Akaandika kwamba Sijaona alikuwa mama tajiri aliyewauzia wapita njia tumbaku. Akaandika pia kwamba mama huyo alichagua kujenga ukingoni mwa bonde, penye kichaka cha kijiji, kwa kuwa ardhi ya pale ni ngumu na salama kuliko zote. Mwalimu Yeremia alimpa ishirini kwa ishirini, akalibandika andiko lake ukutani.

Laiti lingeishia ukutani. Mtendaji wa kijiji alikuja kukagua shule, akalisoma, akalibandua. Kwa miezi alikuwa akikitamani kichaka kile apime viwanja, ila watu waliogopa kukikata. Wazee wakipita pale waliweka unga kidogo chini ya mti, wakaenda zao kimya. Hakuna aliyeokota hata ukuni.

Kwenye mkutano wa hadhara alilisoma andiko neno kwa neno. "Mmesikia? Mtoto wa darasa la tano anaijua historia, nyinyi wazima mnaogopa miti!"

Watu walicheka. Bibi Mwanakombo, aliyepanda mteremko tangu alfajiri, akasimama na fimbo yake. "Mwanangu, huyo Sijaona namjua. Hakuuza tumbaku."

"Bibi, kaa. Ajenda imejaa, hadithi za jikoni hazina nafasi."

Ndivyo walivyo wenye mihuri. Jambo wanalolitaka, hata daftari la mtoto ni ushahidi. Wasilolitaka, hata aliyeliona kwa macho yake ataambiwa akae. Dorika alikuwa pale, amempakata Dickson. Angesema neno moja tu mambo yangesimama. Hakulisema.

Kichaka kilikatwa kwa siku mbili. Kiwanja cha mwisho, kile cha ukingoni kabisa kinachotazama bonde la Ruvuma, alipewa baba yake, Gervas. Akajenga mgahawa mdogo wa chai, na nyuma yake chumba cha kulala watu watatu.

"Mama yako angekuwepo, angefurahi," baba alisema, akipiga msumari wa mwisho. Baba huyu hakuwa mtu wa kucheka, na siku hiyo alicheka. Dorika akaokota misumari iliyobaki.

Mvua zilipoanza, maji yaliyokuwa yakinyonywa na kichaka yalipita katikati ya vibanda, mekundu kama damu. Januari, kokoto zilisikika zikiporomoka upande wa bonde. Februari, mlango wa mgahawa ukagoma kufunga. Asubuhi moja ya Machi Dorika alikuwa akifagia, ufagio ukanasa. Sakafuni palikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Siku ya pili kiganja kizima kiliingia, na Dickson alikuwa akidondoshea kokwa za korosho humo, akitega sikio asikie zikifika chini. Hazikusikika.

Dorika alimbeba mgongoni, akashuka mteremko mbio.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umechelewa, mjukuu wangu. Nilikuwa nakutazamia tangu Oktoba."

Alipoulizwa, Bibi Mwanakombo hakuzungusha maneno. "Sijaona ni dada wa mama yangu. Alikata miti ya ukingoni akajenga. Masika ile ardhi ikakatika, ikashuka naye na wanawe watatu. Hawakupatikana. Tukaiacha miti iote tena, maana mizizi ndiyo inayoishika ardhi ile. Jina tulilibakiza ili watu waulize."

Dorika alirudi akilia. Baba alikuwa akichochea moto.

"Baba, nilidanganya. Lile andiko nililitunga. Hapa ndipo Sijaona alipozikwa na ardhi. Baba, tutoke!"

Gervas aliuacha moto. Kisha aliinama, akaingiza mkono kwenye ufa, ukazama hadi kwenye kiwiko. Hakumpiga. Alitoka hadi shuleni, akaligonga lile rimu la gari lililokuwa kengele kwa nguvu zake zote.

"Tokeni vibandani! Hameni ukingoni!"

Mtendaji alikuja na mwavuli. "Baba Dorika, unatia watu hofu. Viwanja vile vimepimwa kihalali."

"Vimepimwa, ndiyo. Ardhi imepewa nakala?"

Wengine walicheka, lakini walibeba. Magodoro, vyungu, magunia, kuku. Hadi adhuhuri vibanda kumi na kimoja vilikuwa vitupu. Saa tisa mvua ilishuka nzito, na mbele ya macho yao ukingo ulipinda taratibu kama mtu anayesinzia. Mgahawa ulitangulia. Vibanda sita vikaufuata. Hakuna aliyedhurika hata ukucha. Mahali pa kichaka palibaki korongo jekundu, na mwisho wake hukuuona.

Jioni Gervas alimkalisha binti yake kwenye jiwe la shule.

"Sikiliza, Dorika. Uongo wako ulikuwa wa mistari kumi, na watu walijenga nyumba juu yake. Usichokijua, kaulize. Ukishindwa kuuliza, andika kwamba hujui. Leo umesema kweli ukiwa unalia, na watu wako hai. Hiyo shika." Akatema mate pembeni. "Lakini wewe ni mtoto. Wao wana mishahara."

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano mwingine. Mtendaji alitoa pole, akakunjua ramani mpya. Viwanja vingine, alisema, vitapimwa nyuma ya shule, penye ile miti mikubwa. Kazi itaanza Jumatatu.

Dorika alisimama.

"Shikamoo, Bwana Mtendaji. Nina swali. Safari hii mmemuuliza nani?"

Mtendaji aliitazama ramani. Watu walimtazama Mtendaji. Ndani ya korongo kokoto ziliendelea kuporomoka, moja baada ya nyingine.