Saini Kwanza, Mengine Tutajaza

Kabati la chuma lilikuwa wazi, na pasi za kusafiria thelathini na moja zilikuwa hazimo.

Inspekta alichuchumaa akakagua tundu la ufunguo. Hakukuwa na mkwaruzo. Juu ya meza, kompyuta mbili mpya zilikuwa zimetulia mahali pake.

"Mwizi gani huyu anayeacha kompyuta akabeba vijitabu?" aliuliza.

"Mfagizi huyo!" alidakia mwenye ofisi, wakala ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Viza. "Mkamateni tu, afande, tusipoteze muda."

"Ana ufunguo?"

"Hana. Ninao mimi, na wa akiba anao karani."

Karani alikuwa mwanamke wa makamo aliyekaa kando ya printa, mikono mapajani. Hakuinua uso.

Inspekta aliijua ofisi hii kuliko alivyopenda kukiri. Mwaka jana alimleta hapa mdogo wake wa kike, muuguzi, aliyetaka kumfuata mumewe ng'ambo. Alivutiwa na zulia, vibendera vya mezani na ulimi wa asali wa Bwana Viza. Yeye, mpelelezi anayewadai leseni hata waendesha baiskeli, hakuuliza kitu. Ombi lilikataliwa kwa nyaraka za kughushi, na muuguzi akafungiwa kuomba viza miaka kumi. Badala ya kumtetea, Inspekta alimfokea mbele ya mama yao, akamwita mwongo. Tangu hapo hawakusemeshana. Siku hizi alikuwa ameanza kujiuliza kama hakumwonea, na swali hilo lilimnyima raha. Ndiyo maana kesi hii aliiomba mwenyewe.

Siku mbili zilipita, na jambo moja likamtatiza: hakuna mteja hata mmoja aliyekuja kulalamika. Mtu aliyepotelewa na pasi hupiga kelele mpaka majirani wakajaa. Alichukua orodha ya majina akamwendea wa kwanza, fundi bomba, akamkuta chini ya sinki la watu.

"Pasi yako iko wapi?"

Fundi alijitoa taratibu. "Iko kwangu, afande. Ilisukumwa chini ya mlango ndani ya bahasha. Nikadhani ndiyo huduma yenyewe."

"Kulikuwa na kitu kingine?"

Fundi alitoa mfukoni ile bahasha, ndani yake karatasi iliyochapwa. Ilisema: *Fomu yako inadai una shahada ya uhandisi na kaka ng'ambo. Ikifika ubalozini, utafungiwa wewe, si wakala. Usitie saini fomu tupu tena. Dai kuisoma yote. Dai namba ya leseni, ukaihakikishe mwenyewe idara ya uhamiaji. Anayekuahidi viza hata kabla haijaombwa, mkimbie.*

"Una kaka ng'ambo?"

"Nina dada watatu, afande, na wote wako hapahapa wananisumbua."

"Na ulitia saini fomu tupu?"

Fundi alikuna kichwa. "Alisema saini kwanza, mengine tutajaza. Ofisi ina zulia, ningebisha vipi?"

Inspekta hakucheka. Aliiinua karatasi kwenye mwanga. Pembeni kulia palikuwa na mstari mwembamba mweusi, kutoka juu mpaka chini. Mstari kama huo aliuona kwenye orodha aliyochapiwa na Bwana Viza. Maabara ya uchunguzi ilithibitisha: printa ilikuwa moja, na alama za vidole kwenye gundi ya bahasha zilikuwa za karani.

Katika chumba cha mahojiano, karani hakujizungusha.

"Ulitumia ufunguo wa akiba?"

"Ndiyo."

"Ukazigawa pasi mlango kwa mlango?"

"Jumapili nzima, kwa miguu."

"Kwa nini?"

"Jumatatu zingepelekwa ubalozini pamoja na fomu, na fomu zile nimezijaza mimi. Vyeti, barua za waajiri, vyote nimechapa mimi. Miaka sita. Yeye anatamka, mimi nachapa. Nilijidanganya kwamba mimi ni vidole tu."

"Kilichokubadilisha ni nini?"

"Mwaka jana alikuja muuguzi. Makaratasi yake yalikuwa safi, hayakuhitaji hata nukta ya uongo. Bwana Viza akasema hayana uzito, nimwongezee hospitali. Nikamwongezea hospitali ambayo hajawahi kuikanyaga. Alipokataliwa alirudi. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, 'Dada, mimi niliandika wapi haya? Kaka yangu haniamini.' Nikamjibu sijui."

Inspekta aliacha kuandika.

"Sauti yake naisikia hata nikiwa nakula, afande. Nifungeni, nastahili. Ila yaandikeni yote."

"Kaka huyo ni mimi," Inspekta alisema.

Karani alijifunika uso kwa viganja.

Alasiri ile Bwana Viza alitiwa pingu huku bado akimtaja mfagizi. Droo yake ilijaa fomu tupu zenye saini. Cheti chenye mhuri kilichoning'inia ukutani, kiliposomwa vizuri, kilikuwa leseni ya kuuza vifaa vya ofisi. Inspekta alikumbuka kwamba mwaka jana alikiangalia kwa macho yake mawili, asikisome. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Alimwandikia mkuu wake kwamba mmoja wa walioumizwa ni ndugu yake, faili apewe mwingine. Kisha akapiga simu.

"Ni mimi."

"Najua. Namba yako sijaifuta."

"Hukudanganya. Aliyeghushi zile nyaraka amekiri kwa maandishi. Utakata rufaa nayo."

Inspekta alisimama kutoka kwenye kiti.

"Mimi ndiye niliyekupeleka pale, mdogo wangu, bila kuuliza chochote. Nilikuita mwongo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukubali kosa langu. Nisamehe."

Alimsikia akipumua, kisha akipenga kamasi.

"Uliniita mwongo mbele ya mama," muuguzi alisema. "Haya ya kwenye simu sijayasikia, kaka. Njoo uyaseme palepale."