Loveness na Wimbo wa Bibi

Kila jioni Loveness alipotoka shuleni alikata majani ya ng'ombe, kisha akaingia chumbani kumwamkia bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Siku nikiondoka, wajukuu wote mniimbie."

Bibi Odilia alikuwa akiimba katika kwaya ya kanisa, katika usharika wao huko Machame, tangu usichana wake. Loveness aliitikia kwa kichwa. Hakuthubutu kumwambia kwamba kwake nyimbo zote zilikuwa kelele, kama sufuria zinazogongana. Aliutambua wimbo kwa maneno yake tu.

Bibi alifariki mwezi wa Juni. Shangazi Justina akawakusanya wajukuu kwa mazoezi. Loveness alichezesha midomo bila kutoa sauti, kama alivyozoea shuleni, lakini shangazi alipita karibu akasikiliza.

"Wewe huimbi," alisema. "Bibi amekulea, na wimbo mmoja unamnyima? Humpendi?"

"Nitaimba, shangazi."

Siku ya mazishi, kaburini katikati ya migomba, Loveness aliimba kwa nguvu zake zote. Hakujua kama anakosea mpaka alipoona nyuso za watu. Binamu yake Jesse alinyamaza. Wajukuu wadogo wakapotea katika wimbo, nao ukakatika. Mchungaji aliendelea na sala, huku shangazi akimshika Loveness mkono kwa hasira.

"Umefanya makusudi," alimnong'oneza.

Watu walipokuwa wakila, baba yake, Mzee Melkior, alimkuta nyuma ya zizi akilia.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Baba, siwezi. Mkiimba, watu wanalia. Mimi nasikia kelele tu. Nimejaribu tangu darasa la kwanza."

"Hata bibi alipokuwa akiimba?"

"Hata yeye. Nilipenda kumtazama."

Baba alimwinua. Kisha alimwita shangazi, akamweleza yote.

"Mbona hukuniambia?" shangazi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niliogopa mtasema simpendi bibi."

Shangazi aliinamisha kichwa. Ndivyo hasa alivyomwambia siku ya mazoezi.

Wageni walipopungua, wajukuu walirudi kaburini kuumalizia wimbo. Safari hii Loveness alisimama kando ya baba yake, akisikiliza. Wengine walifuta machozi. Alisubiri, akafumba macho, akasubiri tena.

"Umesikia chochote zaidi ya kelele?" baba alimwuliza.

"Hapana, baba."

"Basi. Hilo hatuwezi kulibadilisha, wala si kosa lako." Akamgeukia dada yake, Justina. "Asiyetaka na asiyeweza hufanana ukiwatazama kwa mbali. Sisi wakubwa tulipaswa kuuliza kabla ya kukaripia. Nawe, Loveness, jambo likikushinda, liseme mapema. Ukilificha, watu watajitungia sababu yao, na itakuumiza kuliko ukweli wenyewe."