Miti Miwili ya Ingobyi

Kila siku akitoka shule, Mukunde alitupa mfuko wa daftari kitandani, akateka maji, akakata majani ya ng'ombe, ndipo akaenda kumwamkia babu yake, mzee Munyakazi. Lakini masika hayo ya mwaka 1991, tangu babu arudi kutoka hospitali mjini Kigali, mtoto hakukaa kitako. Anaingia, anatoka, anachungulia dirishani, anaingia tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Daktari alikuwa amesema wazi: uvimbe wa tumboni umeenea, hauna dawa. Mzee alimshukuru, akauliza kama basi la Kabuga limeshaondoka, akarudi kwake Masaka. Kesho yake alishika kazi aliyokuwa ameianza: kusuka ingobyi.

Ingobyi ni machela ya matete yenye miti miwili mirefu. Mgonjwa analazwa humo, wanaume wanne wa chama cha kubeba wagonjwa kijijini wanamwinua mabegani, wanashuka naye hadi kituo cha afya. Ingobyi ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa, na chama kizima kilimtegemea Munyakazi.

"Sogokuru, unamsukia nani?" Mukunde alimuuliza babu yake.

"Atakayetangulia kuugua. Huenda ni mimi," babu alijibu, akijaribu fundo kwa meno, na meno yenyewe yalikuwa machache. "Ndiyo maana naikaza upande atakaobeba Eustache. Yule bega lake moja limeinama. Nisipoangalia, nitamwagika njiani kama maharage."

Babu alicheka peke yake. Mukunde alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi, akatoka tena. Akawaza: ingobyi bila miti hainyanyuki. Isiponyanyuka, babu haendi popote.

Basi babu aliposinzia, Mukunde aliiburuta miti hadi migombani, akaifunika kwa majani makavu. Kesho yake roho haikutulia, akaihamishia nyuma ya zizi la mbuzi. Halafu akairudisha migombani.

"Mukunde, hukuona miti yangu?"

"Sikuiona," alisema, huku akimtazama mbuzi.

"Labda huyo ameila. Mbuzi wa siku hizi wana meno kunishinda."

Jumamosi, mvua ikinyesha, Eustache, mwenyekiti wa chama, aliingia uani mbio na wanaume watatu.

"Muzehe, ingobyi! Médiatrice ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto amekaa vibaya!"

Ingobyi ilikuwa tayari, imeegemezwa ukutani. Miti haikuwepo.

"Tukate mingine!" mmoja alisema.

"Kwa panga butu hilo la mzee? Mpaka tumalize, mama atakuwa amekwisha!" Eustache alifoka.

Kutoka nyumba ya jirani kilisikika kilio cha Médiatrice. Mukunde alimtazama babu, akatazama njia ya kituo cha afya, kisha akakimbia. Alirudi akiburuta miti, matope hadi magotini. Wanaume waliipitisha kwenye ingobyi, wakaenda kumchukua mgonjwa.

"Ni mimi niliyeificha," Mukunde alimwambia babu. "Nilidhani wakikosa cha kukubebea, hutaondoka."

Wote wawili walisikiliza mvua, na Mukunde alikwenda mlangoni mara nyingi zisizo na hesabu.

Jioni Eustache alirudi na ingobyi begani, ameloa chapachapa, anacheka. "Msichana! Mama naye ni mzima. Daktari anasema tungechelewa kidogo tu, tungewapoteza wote."

Mukunde alilia sana. Babu alimwacha alie, kisha akamwita.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Nitakufa, miti iwepo isiwepo, na uwongo wako haukuniongezea hata asubuhi moja. Leo nusura uwapunguzie wengine asubuhi zao. Uliniona nasuka ukadhani nimekata tamaa. Aliyekata tamaa angesuka ya nini? Mimi nikiamka naona tete halijakwisha, basi naitaka hiyo siku. Tena sasa kuna mtoto pale chini, nataka nimwone akicheka. Naye hana meno, tutalingana."

"Na usipomwona?"

"Utamwona wewe, uniambie kaburini. Lakini uniambie kweli, usimsingizie mbuzi."

Mukunde alicheka, kamasi na machozi pamoja.

"Haya, kaa hapa unishikie tete hili. Upande wa Eustache umelegea."

Akakaa. Wala hakuinuka mpaka walipomaliza.