Papa Yupi?

Mtaani kwetu wananiita Redio, na sikulipata jina hilo bure. Jirani akinunua kiti kipya, mimi nilikuwa nimeshafika nyumba ya pili kusema kabla kiti hakijashushwa mkokotenini. Mama yangu, ambaye ni fundi cherehani, alizoea kuniambia, "Mwanangu, mdomo wako una miguu." Mimi nilidhani ananisifu.

Wiki ile redio ya kweli, ile iliyokaa rafuni kati ya nyuzi za rangi zote, ilisema kutwa nzima bila kuzimwa. Makardinali walikuwa wamejifungia huko Roma kumchagua Papa mpya, na mji wetu wote ulikuwa unasubiri moshi. Ukitoka mweusi, bado. Ukitoka mweupe, amepatikana. Kinamama wa parokia walikuwa wamempa mama kazi ya kushona vitambaa vyeupe na vya njano vya kupamba kanisa. Hata wateja wasio Wakatoliki walikuja kupimwa nguo na kabla ya salamu wakauliza, "Vipi, moshi?"

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa parokia, mwaka wa ishirini na sita sasa. Mji ulimwelewa kwa kamba tu. Pigo moja moja la taratibu, kuna msiba. Mfululizo wa haraka, kuna furaha. Mapigo matatu matatu, kuna hatari, tokeni nje. Moshi mweupe ukionekana, watu wangepata habari kutoka kwake.

Siku ya Alhamisi nilipotoka shule nilimkuta dukani kwetu, shavu limevimba. Jino lilikuwa limemkosesha usingizi siku tatu. Alimwachia mama suruali yake ya kazi, maana ufunguo wa mnara ulikuwa mkubwa na ulishatoboa mfuko. Ufunguo wenyewe akautundika kwenye msumari, kando ya kioo, mama akiwa ameinamia cherehani asimwone.

"Naenda kung'oa hili jino, dada," alisema. "Redio ikitangaza, mtume mtoto aje kuniita. Mtu mwingine asiguse kamba."

"Mtoto amesikia," mama alijibu, akinitazama mimi.

Nilisikia, na hilo siwezi kulikataa.

Saa tisa na nusu mama alitoka kumpelekea mteja gauni lake. Redio ilikuwa inapiga muziki. Nilikuwa nimekaa chini nikiokota vipande vya vitambaa, mara nikasikia sauti nene ya kushangilia kutoka sokoni, ng'ambo ya barabara: "Papa mpya amepatikana! Papa mpya! Njooni!"

Sikutoka kuangalia ni nani anayesema, wala sikungoja redio imalize wimbo wake. Nilifikiria jambo moja tu, kwamba leo nitakuwa wa kwanza kuliko wote. Nikautwaa ufunguo nikakimbia kanisani.

Ndani ya mnara mlikuwa na giza na harufu ya popo. Kamba ilikuwa nene, haikukaa vizuri mkononi mwangu. Niliivuta, kengele ikanivuta na mimi hadi nikasimama kwenye ncha za vidole. Nikavuta tena na tena, kadiri nilivyoweza. Nilikusudia kupiga ya furaha, lakini mikono ilichoka nikawa napumzika kila baada ya mapigo matatu. Kwa hiyo nilipiga ya furaha na ya hatari pamoja.

Nilipochungulia mlangoni, niliona nilichofanya. Nusu ya watu walikuwa wanakuja kanisani wanaimba na kupiga vigelegele. Fundi viatu, ambaye ni Mwislamu, alikuwa anampa mkono kila aliyepita na kusema, "Hongereni, jirani." Nusu nyingine walikuwa wanakimbia kuelekea huku na huku, wamebeba watoto, wanauliza moto uko wapi. Makundi hayo mawili yalikutana kwenye ngazi za kanisa. Hapo kwenye ngazi ndipo alipokuwa akikaa bibi anayeuza mafagio. Nilimwona akisimama, akasukumwa, akaanguka. Nikamsikia akilia kwa maumivu.

Kisha mtu mmoja mwenye simu akasema kwa sauti, "Jamani, mbona redio inasema moshi bado?"

Kelele zote zikakatika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu. Nilitoka kwa kunyata, nikazunguka nyuma ya kanisa, nikakimbia hadi nyumbani. Nilipoingia dukani ndipo nilipokumbuka kwamba ufunguo nimeuacha mlangoni.

Viganja vyangu vilikuwa vimechubuka. Nikavificha ndani ya rundo la vitambaa vya njano. Mama alirudi akihema na kunishika bega. "Umesikia kengele? Twende, kuna mtu ameumia." Nilimfuata kwa sababu sikujua namna ya kukataa.

Bibi wa mafagio alikuwa anapelekwa zahanati kwa baiskeli, mkono umefungwa kwa khanga ya mtu. Mwanafunzi mwenzangu tunayemwita Kidole Juu, kwa kuwa darasani hakuna swali asilolijua, alinisogelea. "Wazee wakianguka huwa wanakufa," alininong'oneza. "Akifa, aliyepiga kengele atafungwa." Nikasogea nyuma ya mama.

Padri alikuwa amesimama mlangoni mwa mnara na ufunguo mkononi. Wakati huohuo Mjomba alitokea, anatoka kung'oa jino, mdomo umejaa pamba na shavu limekufa ganzi.

"Huu ni ufunguo wako?" Padri alimuuliza.

Mjomba akatikisa kichwa kukubali.

"Na kengele umeipiga wewe?"

Mjomba alifungua mdomo, ikatoka sauti isiyoeleweka na damu kidogo. Aliutazama ule ufunguo. Halafu akainua macho akanitazama mimi, pale nilipojificha nyuma ya mama. Alijua. Akafunga mdomo, asitikise kichwa tena huku wala huku.

"Basi ufunguo utakaa kwangu," alisema Padri kwa huzuni, akautia mfukoni. "Kengele inayodanganya ni afadhali inyamaze."

Watu wakaanza kuondoka wakinung'unika. Mmoja alisema mpiga kengele amezeeka, mwingine akasema labda alikunywa kupunguza maumivu ya jino. Mjomba aliyasikia yote. Aliondoka peke yake, ameshika shavu, na mimi sikusema neno. Mtu mzima aliyekuwa ananitetea kwa kunyamaza, nilimwacha aende hivyohivyo.

Jioni mama alikuwa anashona mfuko wa ile suruali. Mimi nilikuwa kimya, na mama hajazoea kuniona kimya. "Leo redio yangu imeisha betri?" aliniuliza. Sikucheka. Nilikuwa nasikiliza nyayo barabarani, kila mpita njia nikidhani anakuja kusema bibi amekufa.

Mara muziki ukakatizwa. Mtangazaji alisema kwa haraka kwamba moshi mweupe umeonekana. Papa mpya amechaguliwa. Mama alisimama na sindano mkononi, akafanya ishara ya msalaba, kisha akatega sikio. Mimi pia nilitega sikio. Kengele haikulia.

Nje watu wachache walichungulia milangoni. "Wameanza tena na moshi wao," mmoja alisema, akarudi ndani. Siku ambayo Mjomba aliingoja kwa hamu ilikuwa inapita, naye alikuwa nyumbani kwake, amenyang'anywa ufunguo kwa sababu yangu. Hapo nilihisi kwamba nikinyamaza zaidi nitapasuka.

"Mama," nilisema, nikamwonyesha viganja vyangu.

Hakunipiga. Alivitazama, akazima taa ya cherehani na kunishika mkono. Tulimpitia Mjomba, tukaenda hadi barazani kwa Padri, ambako watu kadhaa walikuwa wamekusanyika kuuliza kama habari ni za kweli safari hii. Nilisema mbele yao wote, "Niliyepiga kengele ni mimi. Mjomba hakuwepo."

"Nani alikuambia Papa amepatikana?" Padri aliuliza.

"Nilisikia sokoni. Mtu alitangaza, Papa mpya amepatikana, njooni."

Halafu muuza samaki, mtu mnene mwenye sauti nene, akakohoa nyuma ya watu. "Padri," alisema, "huyo alikuwa papa wangu. Samaki. Wiki nzima nilikuwa sina papa, leo ndiyo nimepata."

Watu walicheka hadi wengine wakashika ukuta. Mimi nililia. Padri hakucheka. "Bibi ameteguka mkono," alisema, "na mtu mwaminifu ametukanwa tangu mchana. Hayo siyo ya kucheka." Akautoa ufunguo, akampa Mjomba kwa mikono miwili na kumwomba msamaha mbele yetu. Kisha akanigeukia mimi. "Nikisema kengele ipigwe sasa, nani ataiamini? Utatangulia wewe. Mlango kwa mlango, sema ulilofanya, kisha sema moshi umeonekana kweli. Kengele itafuata."

Mama alitembea nami, lakini maneno niliyasema mwenyewe. Kinyozi alinifokea. Fundi viatu alinisikiliza hadi mwisho, akavaa koti lake. "Basi hongera ya mchana nitaitoa upya," alisema, akatoka. Nilipofika mlango wa mwisho kengele ikaanza, mfululizo wa haraka usiopumzika, na safari hii hakuna aliyeuliza maana yake. Watu walitoka na vitambaa vya njano, watoto wakarukaruka barabarani. Mimi nilikwenda zahanati.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa bendeji. Nilipomwambia, alinitazama kwa macho makali. "Mafagio yangu atayabeba nani?"

"Mimi, bibi. Hadi mkono upone."

"Na baada ya kupona pia," alisema.

Kesho yake Mjomba aliweza kuongea. Alikuja kuchukua suruali yake, akautia ufunguo katika mfuko mpya, kisha akaniita nikae karibu naye.

"Kengele haina macho wala masikio," aliniambia. "Inasema tu anachotaka aliyeshika kamba. Watu wanatoka nyumbani mbio, wanaacha moto jikoni, kwa kumwamini mtu wasiyemwona. Mdomo wako nao ni kengele. Sikukatazi kubeba habari, maana kuna habari zinahitaji mbebaji. Lakini kabla hujavuta kamba, unauliza kwanza."

"Nauliza nini, Mjomba?"

Ng'ambo ya barabara muuza samaki alikuwa anaita wateja, na hadi leo hakosi kumalizia kwa kusema samaki, samaki jamani.

"Unauliza," Mjomba akasema, akishika shavu ili asicheke, "papa yupi?"