Dakika Tatu kwa Jiwe ya Ndosho

"Dada, hii raba ya arobaini na tatu iko na mwenzake?"

Katungu aliinua kichwa kutoka kwenye rundo lake la viatu. Soko la Virunga lilikuwa limefurika. Chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilikuwa zimeziba njia na viazi vyake, na watu walipita wakigeuza mabega. Mwanaume aliyekuwa mbele yake alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na suruali iliyoshika vumbi jeusi hadi magotini. Lakini kilichomshtua Katungu kilikuwa ile sauti. Mji mzima uliisikia kila Jumamosi saa kumi.

"Ni weye Lévi wa michezo? Ule wa redio?"

"Ni mimi. Unasikilizaka?"

"Ninasikilizaka. Jumamosi, siku ya posho, ulisema Jiwe ya Ndosho ilipigwa. Ni siye tulishinda."

"Jiwe ya... handbol?"

"Handbol. Ni mimi gardien wao, golikipa. Wale wa Kinshasa wanaolipwa, unajua mpaka namba ya viatu vyao. Siye wa hapa unatupa sekunde kumi, na bado unazikosea."

Lévi alimtazama vizuri: kikwembe cha kijani, kitambaa kichwani, vidole virefu vyenye makovu. Akacheka. "Basi niuzie hii raba. Nitakuja nione kama unazuiaka mipira vile unazuiaka wateja."

Alikuja kweli, na juma lililofuata akarudi.

Tangu Januari, vita ilipoingia mjini, Katungu alikuwa hasikii furaha wala uchungu. Kaka yake Sikuli alikufa sebuleni kwao, risasi ikiwa imepenya bati. Katungu alimfunika, akawapikia bukari watu wa kilio, akaosha sufuria. Hakulia. Kuanzia hapo mpira ungeweza kumpiga usoni na asifumbe jicho. Mama Victoire, kocha wao, aliwaambia wengine, "Muone moyo wa Katungu!" Katungu alijua kwamba haukuwa moyo. Ilikuwa ganzi.

Lévi akaanza kupiga simu kila jioni.

"Katu wangu, umekula?"

"Nimekula sombe."

"Na ulinifikiri?"

"Nilifikiri vile visamaki vya ndagala kwenye sombe."

"Ndagala wako na bahati kunipita!"

Katungu hakuwa na uhakika kama alikuwa anampenda. Alijua tu kwamba simu ikichelewa, anaiangalia.

Jumapili moja, wakiwa wamekaa kando ya ziwa, alimwambia habari za Sikuli. Alizisimulia bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma orodha ya majina. Lévi akamshika mkono. Mkono ukakaa pale ulipowekwa.

Kisha Jiwe ikashinda nusu fainali ya mji, ishirini na nne kwa ishirini na moja. Katungu alizuia penalti nne. Lévi alikuwepo na kinasa sauti chake, akiandika mbio mbio. Jumamosi wasichana wote walijazana kwa Mama Victoire, redio katikati ya meza.

Wa Kinshasa ndio walianza. Dakika ishirini na saba: nani alifunga kwa mkono gani, nani alichoka kipindi cha pili, golikipa alizuia mipira mingapi kati ya mingapi. Zikabaki dakika tatu. Ukapigwa muziki wa huzuni wa filimbi. Lévi, kwa sauti ya chini, akaongea juu ya vita, mahema ya wakimbizi ya Mugunga, wasichana wanaocheza ili wasahau. Akamtaja Katungu, "aliyemfunika kaka yake kwa mikono hii hii inayozuia mipira." Kipindi kikaisha.

Mama Victoire akazima redio, akauliza, "Sasa mutu ambaye hakukuwa pale, atajua tulishinda?"

Wenzake walimtazama Katungu kwa huruma. Alisimama, akachukua jezi chafu, akaenda kuzifua.

Simu ikalia. "Sheri, umesikia? Watu wanapiga simu wakilia!"

"Tulishinda ngapi?"

"Ishirini na nne kwa..."

"Hukusema."

Lévi alishusha pumzi. "Ni Habineza, chef wangu. Nilileta mechi yote, penalti zako zote nne. Alikata. Alisema ba-amateur hakuna mutu anasikilizaka muchezo wao, watu wanataka maisha yao."

"Na Sikuli? Ni Habineza nilimuambia habari za Sikuli?"

"Katu wangu..."

"Usinipigie tena, Lévi."

Alipiga siku tisa, halafu akaacha. Jumamosi iliyofuata, kipindi cha michezo kilisomwa na mtu mwingine.

Siku ya fainali, kwenye kiwanja cha saruji huko Katindo, Katungu alimwona Lévi amekaa juu ya jiwe la volkano, maikrofoni mkononi. Wenzake walimnong'oneza: kumbe aligombana na Habineza, akaondolewa kwenye michezo, akapewa saa ya matangazo ya vifo. Siku hiyo aliomba matangazo yafupishwe, atangaze mechi nzima. Watazamaji hawakufika hamsini, lakini wengi walikuwa na redio sikioni, na sauti yake ilirudi uwanjani kutoka pande zote. Hakutaja vita. Alitaja namba, pasi, kona, jasho.

Mabao yalikuwa sawa, kumi na tisa kwa kumi na tisa, mpira mwepesi ulipopita chini ya mkono wa Katungu. Redio zote zikasema, "Kosa la gardien. Huu mpira ulikuwa wake."

Mechi ikaisha hivyo. Jiwe ikashindwa.

Katungu alivuka kiwanja moja kwa moja. "Unasema mbele ya muji muzima nimekosea?"

"Umekosea."

"Mpira ulipinda!"

"Haukupinda. Ni weye uliinama umechelewa." Akainamisha kichwa. "Juu ya Sikuli, sina la kujitetea. Nilichukua kitu chako nikakiuza. Unisamehe."

Katungu alitaka kumpiga. Hasira ilimpanda, ya moto kabisa, hadi akashangaa kwamba anasikia kitu.

"Ninataka nije kwenu," Lévi akasema. "Nione mama yako, na bajomba. Ukikubali."

"Njoo Jumapili, siku ya Mungu," akajibu kwa ukali. "Na mbele ya mama usinifundishe kuzuia mipira."

Akageuka, akaenda kukaa chini kati ya wenzake. Akalia kwa sauti, kama mtoto, kwa ajili ya bao moja, watu wote wakimtazama. Lévi alikuwa ameshazima maikrofoni.